Barua ya malalamiko: diski niliyouziwa kama mpya, na video za wateja zilizofutwa bila idhini yangu

Tanga,
10 Juni 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU DISKI YA NJE YA TB 2 NA KUFUTWA KWA KAZI ZA WATEJA WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke ninayepiga na kuhariri video za harusi hapa Tanga. Tarehe 14 Machi mwaka huu nilinunua dukani kwenu diski ya nje ya TB 2 kwa shilingi 230,000, nikapewa risiti ya EFD na kadi ya dhamana ya mwaka mmoja. Boksi lilikuwa bado na nailoni yake. Ramadhani ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na niliwahi kununua kwa sababu baada ya Idi harusi huku kwetu hufuatana wiki hadi wiki, na kompyuta yangu ina nafasi ya GB 256 tu. Nilipoichomeka ikasoma TB 1.81 badala ya 2. Hilo silalamikii, najua kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024. Nalitaja ili mjue kwamba anayewaandikia si mtu wa kulaumu kila namba asiyoielewa.

Kwa wiki tisa ilifanya kazi. Kila usiku niliichomeka, kompyuta ikachukua nakala za folda zangu, nikalala. Usiku wa Alhamisi tarehe 16 Mei bekapu ikagoma katikati, ukaja ujumbe kwamba kifaa kina hitilafu ya kusoma na kuandika. Nikasogeza sikio. Diski ilikuwa inagonga: tik, tik, kimya, kisha tik tena, na taa yake ndogo ya buluu inazima na kuwaka. Kompyuta ikaipoteza, ikaiona, ikaipoteza.

Sikukimbilia kulaumu diski. Diski za aina hii hupata umeme kupitia waya wa USB, na umeme ukipungua mota hushindwa kuzunguka sawasawa. Tundu la USB 2 limepangiwa miliampea 500, la USB 3 miliampea 900. Nikaihamishia tundu la USB 3. Nikaazima waya mfupi kwa jirani mwenye duka la simu. Nikazima ule mpangilio wa Windows unaolaza matundu ya USB ili kubana umeme. Nikaipeleka kwenye kompyuta ya mezani ya jirani huyo huyo, nikaichomeka kwa nyuma, kwenye bodi yenyewe. Ikagonga vilevile. Diski yangu ya zamani ya GB 500, kwenye tundu lile lile na kwa waya ule ule, ikasoma bila shida. Wapo walionishauri niendeshe chkdsk /r, amri ya Windows inayokagua diski nzima, nikakataa, kwa sababu diski inayokufa ukiilazimisha kusoma sekta zote, yaani vijisehemu vyake vyote vinavyotunza data, unaimalizia pumzi.

Nikapakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe. Ikatoa alama ya njano. Sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu: 1,904. Sekta zinazosubiri kwa sababu hazisomeki: 312. Na pale panapoonyesha saa ambazo diski imewahi kuwashwa tangu itengenezwe, paliandikwa 11,846.

Naomba msome namba hiyo taratibu. Tangu 14 Machi hadi 16 Mei ni siku 63. Hata kama ningeiacha inazunguka usiku na mchana bila kuichomoa hata mara moja, zingekuwa saa 1,512. Saa 11,846 ni siku 493 mfululizo, mwaka mmoja na zaidi ya miezi minne. Diski hiyo ilimtumikia mtu mwingine kabla yangu, kisha ikavishwa kasha jipya na nailoni, nikauziwa kwa bei ya mpya. Huenda nanyi mliuziwa hivyo hivyo. Lakini risiti yangu ina jina lenu.

Ijumaa asubuhi nikapiga simu huduma kwa wateja. Kabla sijamaliza kueleza, kijana aliyepokea akasema, "Fomati kwanza, dada, itakaa sawa." Nikamwambia kufomati ni kufuta, na ndani mna kazi za watu. Akasema basi ni virusi, niilete dukani, fundi wenu ana mashine ya kutolea data. Siku tatu hizo, hadi Jumapili usiku, nilikuwa nazitoa folda moja moja: diski inasoma dakika ishirini, inagoma, naiacha ipoe, narudia. Nikaokoa harusi nne kati ya saba. Tatu zilizobaki nikaamini zitatolewa na mwenye vifaa kuliko mimi. Jumatatu tarehe 20 nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam.

Fomu yenu ya kupokelea vifaa ina nafasi ya jina, simu, aina ya kifaa na tatizo. Haina mahali panapouliza kama ndani ya kifaa mna kitu. Nikaomba kalamu nyekundu pale kaunta, nikaandika: DATA ZA WATEJA ZIMO. MSIFUTE KITU KABLA YA KUNIPIGIA. Aliyepokea akasoma, akagonga muhuri juu yake. Fomu hiyo niliipiga picha na nimeiambatisha.

Jumatano fundi akanipigia. "Dada, nimezifungua video zako, zile za harusi, zinacheza vizuri tu."

Niruhusuni nieleze kwa nini maneno hayo yalininyima usingizi. Mimi huitwa kwenye shughuli za kina mama kwa kuwa ni mwanamke mwenzao. Ni siku ya singo, siku ya hina, ukumbi ambao mlangoni anakaa shangazi wa bi harusi kuhakikisha hapiti mwanamume. Ndani wanawake wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, wanacheza kwa raha zao. Kabla sijawasha kamera, mama wa bi harusi hunishika mkono na kuniuliza: hii ataiona nani mwingine? Namjibu: mimi na nyinyi. Biashara yangu yote imesimama juu ya jibu hilo. Kamera siku hizi kila mtu anayo. Na kati ya folda tatu nilizowaletea, moja ilikuwa ya singo ya familia moja ya Pangani. Jina la folda lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: WANAWAKE TU.

Fundi hakuhitaji kucheza video ili ajue kama diski inasoma. Angeweza kunakili folda nzima kwenda diski nyingine bila kutazama picha hata moja, na huko ndiko kutoa data nilikokuja kutafuta. Alichofanya ni kufungua, kutazama, na kunipigia simu kunipa habari kama mtu aliyenifanyia hisani. Simwombei afukuzwe. Sidhani kama kuna mtu dukani kwenu aliyewahi kumwambia kwamba kilicho ndani ya diski ya mteja ni amana.

Ijumaa tarehe 24 nikarudi kuichukua. Nikaambiwa imepona: imefomatiwa, tena si kwa ile fomati ya haraka bali kwa ile ndefu, iliyochukua karibu saa sita. Mwanzoni sikuelewa nilichosikia. Fomati ya haraka hufuta orodha ya mafaili tu, na mtu mwenye subira huweza kuyarudisha. Ile ndefu, tangu enzi za Windows Vista, huandika sifuri diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipofika nyumbani nikaipitishia programu ya kurudisha mafaili usiku kucha. Haikupata hata moja.

Nilimuuliza fundi pale pale: kama Jumatano video zilikuwa zinacheza, kwa nini zimefutwa? Akajibu kwamba ndio utaratibu wa kila diski inayoletwa. Nikamwonyesha maandishi mekundu. Akasema fomu hubaki kaunta, haipandi juu kwa mafundi.

Na huko kupona nako hakupo. Niliisoma tena diski: sekta zinazosubiri zimekuwa 0, ila zilizohamishwa zimepanda kutoka 1,904 hadi 2,187. Sekta mbovu ikiandikiwa upya, diski huiacha na kuchukua nyingine ya akiba, malalamiko yakanyamaza lakini ubovu ukaendelea. Alama ni ya njano hadi leo. Juu ya hayo, imerudishwa ikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja inayofika GB 4. Harusi moja niliyokwisha kuihariri ni faili la GB 18, likakataa kuingia. Nilipopiga simu nikashauriwa nipunguze ubora wa video.

Nina kosa langu na nalisema. Harusi zile tatu zilikuwa kwenye diski hiyo peke yake; kompyuta ilikuwa imejaa na kadi za kamera nilishazitumia tena. Kitu kilicho sehemu moja tu si bekapu, hata ukiite hivyo. Sasa naweka diski mbili, ya pili inalala kwa mama yangu. Kama diski ingekufa yenyewe mikononi mwangu, hasara ingekuwa yangu na nisingewaandikia ila kuhusu zile saa 11,846. Lakini haikufa mikononi mwangu. Video zilikuwa hai kwenu Jumatano.

Familia ya Pangani nimeirudishia shilingi 450,000 walizokwisha kunilipa. Nilikwenda mwenyewe, sikutaka kusema kwa simu. Bi harusi alinisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza habari za pesa. Aliuliza, "Na huyo fundi, aliiona?" Sikuweza kumdanganya.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mnirudishie shilingi 230,000 za diski na 450,000 nilizomlipa mteja. Mnieleze kwa maandishi diski yenye saa hizo ilifikaje kwenye rafu ya bidhaa mpya, na mkague nyingine za shehena ile, kwa sababu wapo wengine wanaolala usiku wakidhani kazi zao ziko salama. Fomu yenu iongezwe swali moja, kama kifaa kina data na kama mteja anaruhusu zifutwe, nayo ipande juu pamoja na kifaa. Diski yenyewe sitaiacha kaunta kwa kubadilishiwa. Ni ushahidi, itabaki kwangu. Nisipopata jibu hadi Ijumaa tarehe 28 Juni, suala la bidhaa nitalipeleka Tume ya Ushindani, na suala la video nitalipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022.

La mwisho naomba litangulie yote. Nataka barua yenye sahihi yako, ikisema ni nani walioifungua folda ile, na kama kuna nakala yoyote iliyobaki kwenye kompyuta au simu ya mtu yeyote dukani kwenu. Ikiwepo, ifutwe mbele yangu; nipangieni siku, nitakuja. Barua hiyo nitaipeleka Pangani mwenyewe.

Wako mteja,

Mpiga video za harusi, Tanga