Pampu ya umeme haijui kama injini imezima

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na mafundi na wenye magari wa hapa Arusha na wenzetu wa Moshi, hasa sisi tunaopenda zile V8 za Marekani za miaka ya 60, Mustang, Camaro, Charger na ndugu zao. Siku hizi mtu akipata bodi tu anaitoa injini ya zamani anatafuta 1UZ, ile V8 ya Toyota Crown, anaiweka humo, hilo sina ugomvi nalo kabisa, ni injini nzuri. Ugomvi wangu uko kwenye njia ya mafuta.

Gari zile zilitoka kiwandani na kabureta, pampu imefungwa ubavuni mwa injini inasukumwa na kamshafti, presha psi 5 mpaka 7 basi. EFI, yaani mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme kama wa hiyo 1UZ, inataka psi 40 na kitu, nyingine karibu 60. Sasa unakuta fundi kaweka pampu ya umeme halafu mpira kaacha ule ule, au kanunua wa kukatiwa dukani bila hata kusoma ulivyoandikwa. Mpira umeandikwa jamani! 30R7 ni wa kabureta, wa EFI ni 30R9, na kipande kinachokaa ndani ya tangi kinatakiwa 30R10 maana ule wa kawaida ngozi yake ya nje haikutengenezwa kulowekwa kwenye petroli, unavimba unalainika. Na zile klipu za meno zinaula mpira taratibu, chukua za bendi laini zinazokazwa kwa nati.

Kinachoniumiza zaidi ni waya. Ile pampu ya zamani ilikuja na usalama wake, injini ikizima na yenyewe imezima. Ya umeme haina habari hiyo. Ukiipiga direct kutoka kwenye swichi, siku umegongwa na swichi iko on, pampu inaendelea kumwaga petroli kwenye paipu iliyokatika juu ya egzosi ya moto na wewe mkanda umekubana hapo hapo. Toyota wenyewe hawakufanya hivyo, kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikiona injini haizunguki inakata relei ya pampu, ila fundi umeme akishindwa kuzisoma zile waya anapiga direct, gari linawaka, mwenye gari anafurahi analipa. Mi nasema kazi hiyo haijaisha. Kontroli boksi ikikushinda weka swichi ya presha ya oili ndio iamrishe relei, au swichi ya mshtuko inayokata pampu gari likigongwa, kama waliyokuwa wakiweka Ford, na fyuzi ikae karibu na betri.

Halafu watu wanadanganyana kwenye ukubwa wa pampu. Injini ya farasi 400 ukiikanyaga mpaka chini inakunywa kama lita 120 kwa saa, kwa hiyo pampu ya lita 255 kwa saa inatosha na kubaki, zaidi ya hapo unazungusha mafuta tu yanarudi tangini yakiwa ya moto. Na huku kwetu Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, petroli inachemka mapema kuliko Dar, ukiweka pampu mbele ivute mafuta kutoka nyuma na paipu umeipitisha jirani na egzosi, foleni ya Kilombero mchana itakuzimikia tu. Pampu ikae ndani ya tangi au chini karibu nalo, inasukuma vizuri kuliko inavyovuta.

Wauzaji wa spea nawaomba mtuletee mipira yenye maandishi yake, tumechoka kujibiwa mpira ni mpira. Na wewe mwenye gari, kabla hujalipa fungua swichi bila kupiga stata usikilize huko nyuma. Kama kimya, au pampu imelia sekunde chache ikanyamaza, sawa. Ikiendelea kulia na swichi ya mshtuko hakuna, mrudishie fundi funguo.

Mpenzi wa magari ya zamani,
Njiro, Arusha