Mdogo wangu, ukifika Warangal usijifungie ndani

Mdogo wangu,

Mama alinitumia picha ya viza yako, machozi yakanitoka peke yangu jikoni. Halafu nikasoma ujumbe wako: "Dada, sikukuu za Wahindu nazijua, mimi nimekulia Kisutu." Hapo nikaona heri nikuandikie, tena hadharani, maana wanaokwenda India kusoma mwaka huu ni wengi.

Ulichokiona Kisutu ni Navaratri, sikukuu ya siku tisa, ya Wagujarati: ngoma ya garba, watu wanacheza wakizunguka chungu chenye taa ndani. Ni kizuri, na ni chao. Lakini Warangal iko jimbo la Telangana, kwa watu wa Kitelugu, na karibu siku hizohizo wao wana jambo lao la siku tisa: Bathukamma, sikukuu ya maua. Kolkata nako mitaa inajaa sanamu za udongo za Durga, mungu wao wa kike, na Watamil wanapanga wanasesere ngazi kwa ngazi majumbani. Ukisema "sikukuu ya Wahindu" ukaishia hapo, ni kama mtu aliyesema "ngoma ya Waafrika". Si utamuuliza ipi, sindimba au lelemama?

Bathuku ni uhai, amma ni mama. Inakuja Septemba au Oktoba, mvua za msimu zinapoishia. Eneo hilo lina mabwawa mengi, mengine yalichimbwa na wafalme wa Kakatiya zaidi ya miaka 700 iliyopita, na wakati huo yamejaa. Wakati huohuo porini tangedu inachanua manjano tupu. Maua na maji vinakutana, ndiyo sikukuu yenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza huko Warangal sikuona kitu. Nilisikia makofi ya wanawake nje, nikafunga dirisha. Mimi mtoto wa madrasa, nikaonekane wapi? Mwaka wa pili mama mwenye nyumba alinigongea asubuhi. Hakuniambia niabudu. Aliniwekea mbele kisu na rundo la maua.

Anza na sinia la shaba. Chini unatandika majani ya maboga, yaleyale tunayopika sisi. Kisha unapanga maua kwa duara, vikonyo vikielekea ndani: safu ya tangedu, safu ya gunugu, ua jeupe refu kama mkia, linafungwa vishada na ncha zake kuchovywa rangi. Katikati unajaza vikonyo na majani yaliyokatwakatwa, ukishindilia kwa kiganja, la sivyo mnara unalala. Wangu ulilala mara mbili. Binti yake akanishika mikono akaniongoza, akiniita chelli, mdogo wangu. Juu kabisa wanamweka Gauramma, mungu wao wa kike, kifinyango kidogo cha manjano, ile ya unga ya jikoni. Vidole vyangu vilibaki na rangi siku tatu.

Jioni sinia zinabebwa kichwani hadi uwanjani, zinawekwa katikati, wanawake wanazizunguka wakiinama na kupiga makofi. Mmoja anaanzisha mstari, wote wanaitikia "uyyalo". Bibi mmoja aliimba karibu saa nzima bila karatasi. Walioolewa mbali hurudi kwao siku hizo, na baadhi ya nyimbo ni za maisha yao huko ukweni; niliwaona wakiimba huku wamekumbatiana. Wakati wa kumwomba Gauramma nilisimama pembeni. Hakuna aliyenikunjia uso.

Kila siku ina jina na chakula chake, isipokuwa ya sita, Aligina: mungu mama kanuna, hapikiwi kitu. Siku ya mwisho, Saddula, ndiyo kubwa. Kuna wali wa ukwaju, wa mtindi, wa ufuta, na wa nazi, ila si kama wetu, nazi yao hukunwa ikachanganywa hivyohivyo. Kuna na maleeda, mikate kama chapati iliyopondwa na sukari guru. Kula hiyo.

Na usije ukadhani ni mambo ya maua tu. Watu wa Telangana walipokuwa wanadai jimbo lao, wanawake waliiweka minara hiyo ya maua barabarani wakaizunguka hapohapo, kudai haki yao. Jimbo lilipatikana Juni 2014, na mwaka huohuo Bathukamma ikatangazwa sikukuu ya jimbo. Mama mwenye nyumba alinisimulia hayo huku akifunga vishada, sauti inamtetemeka.

Bado yupo. Mwite Amma, usimtaje jina. Nimeacha karafuu kwa mama, mpelekee. Na jioni ya Saddula, sinia zikianza kuteremshwa bwawani, nipigie kwa video. Huku itakuwa alasiri, nitakuwa kazini, lakini nitapokea.

Dada yako