Mafundi, mkichomoa mipira ya hita mtuambie

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu mafundi wa magari, na sisemi wote jamani, wazuri wapo.

Mi naishi Njombe. Kigari changu cha Kijapani nilinunua Dar kwa mtu, na Dar nani anawasha hita? Kumbe hita (ile rejeta ndogo ndani ya dashibodi inayopitisha maji ya moto ya injini) ilishaanza kuvuja ikawa inalowesha zulia, fundi badala ya kubadilisha akachomoa ile mipira miwili inayoingia kwenye dashibodi akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe na kipande cha bomba, kazi kwisha. Mwenye gari hakuniambia, labda na yeye hakuambiwa. Nimekuja kujua mwezi wa 7 natoka Makambako alfajiri, nje ukungu na kioo kimejaa mvuke kwa ndani, mkono mmoja usukani mwingine napangusa na kitambaa, nawasha hita inapuliza baridi utadhani friji.

Nikapeleka gereji wakafunga hita ya mtumba. Bado baridi. Wakasema thamostati (kile kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata moto), tukanunua, bado, wakasema upepo umeingia kwenye maji, wakatoa upepo, bado, na kila mara hela inatoka.

Aliyeona ni mzee mmoja anayetengenezaga malori. Aliacha injini ipate moto akashika mipira kule inapoingilia ndani, yote ya baridi, akaifuata mpaka ilikochomekwa akaanza kucheka. Yote miwili walichomeka upande mmoja, kule maji ya moto yanakotokea kwenye silinda hedi (sehemu ya juu ya injini), na ile njia ya kurudi kwenye wota pampu, pampu inayozungusha maji, wameiziba na bolti! Sasa maji yatatembeaje? Huku yanasukumwa na huku yanasukumwa. Mpira mmoja utoke kwenye hedi uingie hita, wa pili utoke hita urudi upande ambao pampu inavuta, basi. Akahamisha mpira mmoja, akabadilisha na klipu maana walikuwa wamefunga na waya, akajaza kulanti (maji ya kupozea injini) injini ikiwa ya baridi na hita imefunguliwa mpaka mwisho, akawasha na mfuniko wazi mpaka mapovu yakaisha. Ukiacha muda wa kusubiri injini ipoe, nusu saa tu. Akanifundisha kwamba ukishika yote miwili ni ya moto ujue inafanya kazi, ukikuta mmoja moto na mwingine baridi basi hita imeziba (maji ya bomba yanaleta kutu) au upepo bado umo.

Kuna wengine wanakunja mpira na kuukaza na waya kabisa, hiyo ni mbaya zaidi kuliko kuunganisha, maana injini nyingine maji yanategemea kuzungukia hapo wakati thamostati bado imefunga.

Ombi langu dogo tu, fundi ukiiruka hita ya mtu mwambie, na wauzaji mkiuzia watu wa Makete, Njombe au Mbeya washeni hita mbele ya mteja kabla hajatoa hela.

Msomaji wako, Njombe