Barua kwa mwanangu: hizo bei ulizonitumia

Mwanangu mpenzi,

Picha za daftari lako la bei za vitu vya watoto unavyotaka kuuza kwenye gareji seli, yaani kuuza vitu vilivyotumika hapo hapo uwanjani kwako, nimezipata jana usiku, nimeziangalia, nikavaa miwani nikaziangalia tena, nikaona hili la kwenye simu halitoshi maana tukianza tu mjukuu wangu analia unakata, bora nikuandikie ukae nayo. Ovaroli za miezi mitatu dola 8 kila moja? Mama, kwa bei hiyo jioni utazirudisha ndani zote.

Najua hesabu umeipigaje. Umechukua bei ya dukani ukakata nusu ukaona umewahurumia watu. Lakini mteja wa mtumba haulizi ulinunua shilingi ngapi, yeye anaangalia kilichopo mkononi, na anajua mtaa wa pili nako kuna gareji seli. Nilivyokuja huko Columbus, Marekani, kukulea uzazi nilizizungukia Jumamosi kadhaa na mkwe wangu, unakumbuka, na nilichokiona ndo kile kile cha soko letu la mitumba la Karume: nguo za mtoto mchanga zimejaa meza nzima, dola moja, senti 50, na bado zinabaki. Mtoto mchanga hachakazi nguo, anakua tu, wiki sita haimwingii tena, kwahiyo kila nyumba wanazo na zote bado mpya. Za chini ya miezi sita weka senti 50 mpaka dola, ile ambayo lebo haijakatwa weka 3. Za miaka miwili kwenda juu ndo usiachie ovyo, maana umri huo mtoto anapiga magoti, anaburuza, anamwagia juisi, ukipata suruali nzima magoti ni bahati. Hiyo dola 3. Koti la baridi zipu inapanda vizuri dola 8 hata 10, na baridi ya huko kwenu nimeionja mwenyewe, mzazi akiliona koti mwezi wa nane anajua linakuja kumsaidia nini.

Kabla hujabandika stika hata moja chukua kila nguo upeleke dirishani. Shingoni hapo. Maziwa mtoto aliyocheua ulifua ukaona yameisha, ukaweka kwenye boksi mwaka mzima, sasa hivi yametoka rangi ya njano kama chai iliyomwagika, na mama yeyote mwenye mtoto anaanzia kuangalia hapo hapo. Halafu vuta lastiki ya mguuni karibu na sikio, ikilia krr krr ujue imekauka, hiyo haifiki kufuliwa mara mbili. Bonyeza vifungo vyote, kimoja kikiwa hakishiki nguo imeshuka daraja. Miaka yote niliyofungua belo pale Karume nimeishi kwa hii kazi ya dirishani, nguo kali unaninginiza kwenye hanga, za kawaida unakunja, zenye doa unamwaga chini kwenye turubai unapiga kelele chagua chagua buku buku. Ukichanganya zote pamoja ile mbovu inaishusha ile nzuri, mteja anashika ya kwanza ina doa, anaona mzigo wote ndo hivyo, anaondoka. Na wewe fanya hivyo hivyo, makoti na magauni kwenye hanga, za kukunja zipange kwa umri maana mjamzito hawezi kuinama kuchambua, na zenye madoa weka kwenye boksi moja, mfuko mzima dola 2.

Vifaa vikubwa ni habari nyingine. Kigari cha kumsukumia mtoto ulichonunua dola 200 andika 50, ukijua moyoni kwamba 40 unatoa, maana lazima mtu aombe kupunguziwa na lazima umpe kitu, ndo raha ya kununua. Ila kioshe. Toa zile nywele zilizojisokota kwenye magurudumu, kung'uta makombo ya biskuti, kisha ujizoeze kukikunja kwa mkono mmoja mbele ya mteja, hapo ndo pesa ilipo. Beseni la kuogea dola 3, kiti cha mtoto cha kulia chakula 15, midoli ya kuimba weka betri, isipoimba haina bei.

Sasa vipo visivyouzwa kabisa, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko kote. Kile kiti cha mtoto cha kwenye gari, mkwe aliniambia kina tarehe ya mwisho imechapwa kwenye plastiki kwa chini, geuza usome, vingi ni miaka 6 mpaka 10, na nyie mlinunua kwa mtu. Halafu mwaka juzi mligongwa kwa nyuma kikiwa kimefungwa humo humo. Hakionyeshi ufa, najua. Lakini usikiuze hata kwa dola moja, na usimpe mtu bure, kata mikanda ndo ukitupe ili mwingine asikiokote. Na kile kitanda mlichopewa na jirani, kile ambacho ubavu mmoja unateremka, ni vile ambavyo huko Marekani vilipigwa marufuku tangu Juni 2011 kwa sababu ubavu ulikuwa unaachia mtoto anabanwa pale katikati. Kukiuza ni kosa hata kama ni uwanjani kwako. Na zile godoro nyembamba za kuzungushia ndani ya kitanda nazo zimekatazwa na sheria ya 2022. Vilivyobaki mwambie mkwe aingize namba ya kila kimoja kwenye tovuti ya CPSC, wale wa serikali ya huko wa usalama wa bidhaa, aone kama kiwanda kiliviita virudi, maana sheria ya 2008 inakataza kuuza vilivyoitwa hivyo, nayo haiangalii kama we ni duka au ni mama wa nyumbani. Mtu atakayenunua kwako anakuamini kwa kuwa ameona na we una watoto.

Halafu nimeona mstari wa mwisho kwenye daftari. Sweta jeupe dola 25.

Hujawahi kuniuliza kuhusu gauni lako la njano. Mwaka 1998 ndo nimeanza biashara, kodi ya chumba imefika na belo limetoka bovu, nikachukua gauni ulilovaa siku ya arobaini yako nikalininginiza na mengine. Nikaliwekea bei mara tatu ya yale mengine. Kuna dada mmoja mjamzito alikuja siku tatu, kila akija analishika pindo, analigeuza, anarudisha, hasemi kitu. Mimi nilikuwa namuonea hasira, kama vile anataka kuniibia. Siku ya nne nikaelewa kwamba lile gauni silitaki liuzwe na ndo maana nimeliwekea bei ile, nikalitoa kwenye hanga nikalirudisha nyumbani, na kodi tukaipata kwingine. Yule dada nilimtafutia jingine zuri nikampa kwa bei ya chini, lakini sura yake alivyoangalia pale hanga ilipokuwa tupu bado naiona.

Kwahiyo hiyo dola 25 mimi nimeisoma, si bei hiyo. Hilo sweta nililifuma mimi kwenye hilo kochi lako wakati we umelala na kichanga, litoe mezani leo leo kabla mtu hajalishika. Na mengine yoyote ambayo mkono unasita ukiandika bei, yatoe yote sasa, yajaze hata boksi zima, yaliyobaki mezani uyauze ukiwa umeridhika.

Chenji usisahau, tafuta noti za dola moja na kwota, zile sarafu za senti 25, za kutosha. Mteja wa kwanza asubuhi usimwachie aondoke mikono mitupu, mpunguzie hata kama inauma, ndo anafungua biashara. Saa ya mwisho punguza nusu kila kitu. Ukifungua saa mbili asubuhi huku kwetu ni saa tisa alasiri, nitakuwa nimeshamaliza kupika, nipigie video unionyeshe meza kabla watu hawajaja, anza na zile za kwenye hanga.

Wabusu wajukuu zangu.

Mama yako