Tafuta majirani kabla ya jina: kuwafuatilia mababu wa mashamba ya Kusini mwa Marekani

Wateja wetu wengi huanza kwa kutuonyesha simu. Ndani yake kuna mti wa ukoo wenye majina mia tatu, mia nne, umenakiliwa kutoka miti ya watu wengine mtandaoni, na mahali fulani umekwama. Babu anaitwa John Williams, na katika kaunti ile ile wapo akina John Williams sita.

Wanaokuja hapa Georgia kwetu ni wasemaji wa Kiswahili kutoka Moshi, Mombasa, Bukavu, waliooa au kuolewa katika familia za Wamarekani Weusi, na sasa wana watoto. Upande wa Afrika mtoto anatajiwa babu, babu mzaa babu, na mlima waliotokea. Upande wa pili hadithi inaishia kwa bibi mmoja aliyechuma pamba. Nataka watoto hawa wapate pande zote mbili kwa uzito ule ule, na ndiyo maana nafanya kazi hii.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku. Kazi ilinianzia kwenye Biblia ya mama mkwe wangu, iliyokaa juu ya friji ndani ya mfuko wa mkate. Kati ya Malaki na Mathayo kuna kurasa za kuandikia ndoa, vizazi na vifo. Mkono wa kwanza uliandika kwa wino uliogeuka rangi ya chai, wa pili kwa penseli, na watoto walikuwa watano. Nilipoifungua sensa ya 1910, nikamkuta mama wa watoto hao, bibi yake mama mkwe, amehesabiwa: ndoa ya miaka 11, watoto aliozaa 7, walio hai 5. Sensa za 1900 na 1910 ziliwauliza akina mama swali hilo. Nikamwonyesha mama mkwe. Aliweka kidole kwenye ile 7, akasema, "Kumbe ndiyo yale makaburi mawili madogo chini ya mwerezi. Bibi alikuwa akiyafagia kila tukienda, na sisi watoto hatukuwahi kuambiwa ni ya nani."

Tangu siku hiyo sianzi kazi kwa kompyuta. Naanza na kilichomo nyumbani, halafu narudi nyuma sensa moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja. Zilizo wazi kwa umma kwa sasa zinafika 1950, kwa kuwa sheria inazifunga miaka 72. Ile ya 1880 ndiyo ya kwanza kueleza kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya. Ya 1890 karibu yote iliharibika kwa sababu ya moto wa Januari 1921 mjini Washington, kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 kuna shimo la miaka ishirini, muda unaotosha msichana kuzaliwa, kukua, kuolewa na kubadili jina. Huku Georgia shimo hilo tunaliziba kidogo kwa daftari za kodi za kaunti.

Vyeti vya kuzaliwa havisaidii sana kwa watu wa zamani. Georgia ilianza kusajili vizazi na vifo jimbo zima mwaka 1919, Mississippi 1912, Alabama 1908. Mtoto aliyezalishwa na mkunga wa kijijini kabla ya hapo mara nyingi hana karatasi yoyote. Ila baada ya sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, wazee wengi walilazimika kuthibitisha umri wao, wakapeleka Biblia ya familia au shahidi, wakapewa cheti cha kuzaliwa kilichotolewa kwa kuchelewa. Cheti hicho ni dhahabu, ulizia kama kipo kwenu. Na fomu ya kuomba namba ya hifadhi ya jamii ina majina ya baba na mama, pamoja na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa.

Sasa nirudi kwa John Williams. Karani wa sensa alipita nyumba hadi nyumba, na kila kaya ikapata namba kwa mpangilio wa njia aliyopita. Kwa hiyo ukurasa wa sensa unakuonyesha barabara: nani alikaa kabla ya nani, shamba la nani lilipakana na la nani. Majina yaliandikwa kama yalivyosikika, umri ulikadiriwa, na mtu aliweza kuwa Willis mwaka huu na Bill miaka kumi baadaye. Majirani hawabadiliki ovyo namna hiyo. Walioana, walisali kanisa moja, na walipohama, walihama kwa makundi. Kwa hiyo mimi sinakili kaya moja. Nanakili kumi kabla yake na kumi baada yake.

Kuna kazi moja ambayo mtu wetu alionekana 1870, kisha 1880 akatoweka. Tuliacha kumtafuta, tukawatafuta majirani zake wanne. Wote wanne walikuwa wamevuka mto na kuingia kaunti ya pili, na katikati yao alikuwapo mtu mwenye mke yule yule, watoto wale wale, ila jina la ukoo lingine kabisa. Alikuwa ameanza kutumia jina la baba yake. Miaka minane familia ilikuwa ikitafuta jina lisilokuwapo tena.

Halafu kuna mipaka. Georgia ina kaunti 159, na nyingi zilimegwa kutoka nyingine. Kaunti ya Evans, kwa mfano, ilizaliwa 1914 kutoka Bulloch na Tattnall. Familia iliyokaa hapo muda wote ina karatasi zake za zamani katika mahakama za kaunti mbili nyingine, bila yenyewe kusogea hata hatua moja. Kabla ya kusema karatasi hazipo, uliza kwanza kaunti hiyo ilikuwa sehemu ya nini.

Mahakama za kaunti ndizo ninazozipenda kuliko mahali popote. Wakulima waliolima ardhi ya mtu kwa kugawana mavuno hawakuwa na hati za ardhi, na watu hudhani kwamba hawakuacha alama. Waliacha. Kila masika walikopa mbegu, mbolea na unga, na mkopo ukaandikwa mahakamani kwa rehani ya mavuno yajayo na mifugo. Nimewahi kusoma mstari mmoja unaomtaja nyumbu wa kulimia, yule chotara wa punda na farasi: jike mweusi, miaka 8, jina lake Kate. Mtu ambaye sensa ilimpa mstari mmoja tu, hapa unamkuta na nyumbu wake, deni lake, jina la mwenye shamba, na alama ya X aliyoiweka kwa mkono wake.

Karatasi nyingine usiyopaswa kuikosa ni kadi ya kujiandikisha jeshini ya Juni 1917, kwa wanaume wa miaka 21 hadi 30. Inataja kazi, mwajiri na wanaomtegemea. Pembe ya chini kushoto ya kadi nyingi imechanwa. Si panya wala uchakavu: karani aliagizwa kuichana kama mwenye kadi ana asili ya Afrika.

Ukifika 1870 unafika ukutani. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wengi waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la aliyewamiliki, na chini yake mistari mitupu: mwanamke, 26, mvulana, 4. (Kwa babu Mzungu maskini hakuna ukuta huo, kwani kila mtu huru aliandikwa jina kuanzia 1850.) Hapa tunatafuta mikataba ya kazi na ndoa katika nyaraka za Freedmen's Bureau, shirika la serikali la kuwasaidia waliotoka utumwani, la 1865 hadi 1872, na madaftari ya benki ya Freedman's, iliyofunguliwa 1865 na kuanguka 1874. Benki hiyo ilikuwa na matawi Savannah, Augusta na Atlanta, na iliwauliza wateja majina ya wazazi na ndugu. Nyaraka hizi unaweza kuzitafuta bure kupitia FamilySearch, tovuti ya kutafutia mababu, hata bila sisi.

Usichukulie kwamba jina la ukoo la babu ndilo la aliyemmiliki. Wengi walichagua jingine. Tena hapa majirani ndio msaada: angalia ni mwenye mali gani aliyekaa karibu naye 1870, kisha fungua mirathi ya familia hiyo. Humo watu wameorodheshwa kwa majina, kila mmoja na bei, kati ya majembe na ng'ombe.

Karatasi ya namna hiyo siitumi kwa WhatsApp. Namwita mteja, aje na mumewe au mkewe, tunakaa, na naisoma kwa sauti kwa taratibu. Yapo majina ambayo kwa miaka mia na sitini hakuna mjukuu aliyewahi kuyasikia yakitamkwa.

Malipo ni kwa hatua. Ya kwanza inafika 1900 na unapata nakala za kila karatasi pamoja na maelezo ya Kiswahili na Kiingereza. Ukitosheka hapo, unaishia hapo. Hatuahidi kukuonyesha kijiji cha Afrika kwa kipimo cha DNA, na hatuingizi kwenye mti jina tusilolionea karatasi.

Siku ya kwanza njoo na picha za Biblia, za programu za mazishi zilizohifadhiwa na mashangazi, na za picha za zamani, mbele na nyuma. Lakini kabla hujaja, mpigie mzee aliyebaki upande wa mwenzio, rekodi kwa idhini yake, na usianze kwa kumwuliza majina. Mwulize walipokuwa watoto walitembea kwenda kanisa gani, na njiani walipita nyumba za akina nani.