Hakiumi, ndiyo maana nakuandikia

Rafiki yangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahia habari za watoto. Mara ya pili nikakwama kwenye ule mstari uliouchomeka mwishoni, karibu na salamu: kwamba umepapasa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, "lakini hakiumi, kwa hiyo nimekiacha." Usingizi ulinipaa.

Huko kutouma ndiko kunakonitia wasiwasi. Tumezoea kwamba ugonjwa ni maumivu, na kisichouma hakina haraka. Saratani ya titi mara nyingi huanza kimya, kivimbe tu ambacho hata ukikibonyeza huhisi chochote. Lakini lijue na hili: vivimbe vingi vya matiti si saratani. Changu, mwaka ule nilipokuwa sipokei simu zako, kilikuwa kifuko cha maji. Daktari alikiangalia kwa altrasaundi, akaingiza sindano, akavuta maji, kikanywea palepale. Miezi minne nilikuwa nalala nikitazama dari, yakaisha kwa dakika chache! Sikukwambia kwa sababu niliona haya, na mpaka leo haya zile zinaniuma.

Simama mbele ya kioo, inua mikono, kisha ishike kiunoni. Tazama kama ngozi imebonyea mahali au ina vitundu kama ganda la chungwa, kama chuchu imezama ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, kama inatoa damu au majimaji bila kukamuliwa. Papasa na kwapani. Ila usiyaone yote hayo kuwa safi ukaghairi safari. Kivimbe peke yake kinatosha kukupeleka hospitali. Hakuna daktari awezaye kukiamua kwa vidole tu. Watapiga picha, na shaka ikibaki watachukua kinyama kidogo kwenda kupimwa maabara. Najua yanayosemwa, kwamba kinyama kikiguswa ndipo maradhi yanapoamka. Woga huo umewachelewesha wengi, na bila kipimo hicho hakuna ajuaye anatibu nini.

Mama yangu mdogo aliona tone la damu miaka sita baada ya hedhi kukoma. Mara moja tu, kisha kimya. Alitaka kulisahau, ila binti yake akamshika mkono wakaenda. Ilikuwa saratani ya kizazi, bado imo humohumo ndani, haijatoka. Wakatoa kizazi, na leo anahesabu mwaka wa tisa. Damu baada ya hedhi kukoma, au baada ya tendo la ndoa, hata ikiwa tone, ni ya kupimwa.

Umegusia pia kwamba shemeji sauti imemkwaruza "tangu siku nyingi". Siku ngapi? Mimi nahesabu wiki tatu. Sauti, kikohozi, kidonda cha mdomoni, choo kilichobadilika, chakula kinachokwama kooni: wiki tatu zikipita na hakuna nafuu, aende. Damu kwenye mkojo au kwenye haja kubwa haingoji hata hizo. Kukonda bila kujinyima chakula, vilevile. Akiwa huko amwonyeshe daktari na lile doa la unyayoni kama linapanuka au kubadilika rangi. Watu weusi tunadhani saratani ya ngozi haituhusu, na Bob Marley yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, na mwaka 1981 akafariki akiwa na miaka 36.

Kwa daktari usimung'unye maneno. Mwambie umekiona lini, kama kinakua, kama hubadilika hedhi ikikaribia, na nani katika ukoo wenu aliwahi kuugua titi au mfuko wa mayai, upande wa baba pia. Akikuambia si kitu bila kukupima, tafuta mwingine. Nakuomba kwa mapenzi yote niliyonayo kwako, usingoje mwezi uishe.

Alhamisi na Ijumaa sina kazi. Niambie saa tu, nitakuwa mlangoni kwako kabla hujavaa viatu.

Wako akupendaye