Mdogo wangu, mpisheni atoe albamu yake

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma wote, pamoja na pale ulipomwita mwenzenu msaliti kwa kuwa anaandaa albamu peke yake na kundi lenu la rap bado lipo. Kabla hamjamtoa kwenye grupu, isikilize Machozi, Jasho na Damu, albamu ya peke yake ya rapa Professor Jay, ya mwaka 2001.

Kumbuka alikotokea. Alikuwa kwenye kundi la Hard Blasters na kina Fanani na Big Willy, enzi hizo akiitwa Nigga J. Mwaka 2000 walitoa albamu ya Funga Kazi, yenye Chemsha Bongo, wimbo uliowafanya hata wazee waliodhani rap ni uhuni watege sikio. Kundi halikuwa limechuja. Kwa hiyo ile hoja yako kwamba anayetoka kivyake anakimbia jahazi linalozama hainiingii.

Sasa weka Ndio Mzee, wimbo wa kwenye hiyo albamu yake. Jay ni mgombea jukwaani, anaahidi mpaka wanafunzi kupelekwa mwezini kufanya masomo kwa vitendo, na umati unaitikia tu, ndio mzee. Ahadi zinazidi kupaa, kiitikio ni kilekile. Mpe Fanani ubeti wa pili, Big Willy wa tatu, na hata wachane vipi, yule mgombea anakufa palepale. Sauti zikibadilika, msikilizaji anaanza kupima nani kamfunika nani, anasahau kwamba kuna watu wanadanganywa. Wimbo ule unataka mdomo mmoja usiojua kunyamaza. Na nafasi ya wana kundi imekaliwa na wananchi, ambao kwa maoni yangu wanachekwa kuliko hata mwanasiasa mwenyewe. (Halafu 2015 Jay akagombea kweli, akawa mbunge wa Mikumi kupitia CHADEMA. Fikiria kuomba kura kwa watu wanaokijua kibao hicho kwa kichwa!)

Bongo Dar es Salaam, wimbo mwingine wa humo, nayo ni hivyohivyo: msimulizi mmoja anakuzungusha mjini na kukuonyesha watu wanavyoishi kwa ujanja. Mikono ya prodyuza P-Funk Majani imo humo pia, ila midundo unaijua wewe kuliko mimi.

Ugumu upo, sikatai. Kwenye kundi ubeti wako ukiwa dhaifu, wa mwenzako unakuokoa. Kwenye albamu yako mwenyewe, ukipwaya umepwaya, na hakuna anayekuja baada yako kusafisha.

Kwa hiyo acheni vikao vya kumhukumu. Muulizeni jambo moja tu: ana wimbo gani ambao mkigawana beti unaharibika? Kama hana, arudi studio na ninyi, albamu yake isubiri. Kama anao, mpisheni, na wewe wahi kumwomba kiitikio.

Kaka yako